Bibi Aliyekataa Kikombe Changu

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mtu mwenye kinyaa kama changu amekuwaje nesi? Nilikuwa nimetoka chuo mwaka ule ule, nikapangiwa kambi ya kipindupindu karibu na Masakta, ndani ya madarasa ya shule ya msingi. Vitanda vya turubai vilikuwa vimetobolewa katikati, na chini ya kila tundu kuna ndoo. Kumwaga ndoo ilikuwa kazi yangu. Yaliyomo yalifanana na maji yaliyooshewa mchele, yakinuka shombo ambayo klorini iliizidisha tu. Nilifika mahali nikashindwa hata kuutazama uji.

Bibi mmoja, mfugaji wa tambarare za Hanang, alikuwa ameing'oa dripu na hataki kunywa. Macho yalishazama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Bila maji asingefika jioni.

"Shikamoo, bibi. Kunywa kidogo, ni maji ya chumvi na sukari."

"Marahaba. Ondoa."

Nikamfuata mkwewe, aliyekaa nje ya uzio wa kamba, nikamwuliza kama bibi anachukia ladha ya maji yale.

"Ladha ameijulia wapi? Wewe umeonja?"

"Nionje ya nini?"

"Kwetu anayekupa kinywaji anaanza yeye. Hata pombe ya harusi. Sasa wewe unamletea umefunga mdomo na hiyo barakoa, umegeuza na uso. Anasema ninyi watu wa Mbulu, mliogombana nasi malisho tangu zamani, mnataka kummaliza."

"Mimi ni wa Bashay."

"Si ndiyo Mbulu hiyo hiyo," akasema, akacheka.

Sheria ya kambi ilikuwa wazi: ndani hakuna kutia kitu mdomoni. Nikawaza inzi, wanaotoka kwenye ndoo na kutua kwenye ukingo wa kikombe. Nikawaza mama yangu akiletewa habari zangu. Kisha nikawaza bibi amekufa, na kikombe kimejaa pembeni yake.

Nikavua glavu, nikanawa mpaka vidole vikauma, nikachanganya maji mapya kwenye jagi lenye mfuniko, nikachukua vikombe viwili visafi. Mbele ya kitanda chake nikashusha barakoa. Harufu ikaingia yote, puani hadi kooni. Nikanywa kikombe changu chote, bila kugeuza uso.

Bibi alinitazama.

"Kumbe una mdomo," akasema, akanyoosha mkono.

Nikamjazia chake.