Papa wa Starehe

Nilikuwa nachekecha unga jirani yangu alipoingia mbio kutoka duka lenye simu.

"Mayu, mama yangu, wamepiga kutoka Tanga. Mumeo kaumwa na papa!"

"Yu hai?"

"Simu ilikatika."

Mume wangu alikuwa amesindikiza hadi bandarini huko pamba ya mmoja wa wale wanunuzi binafsi wapya. Siku tatu sikupata usingizi, na watoto niliwaambia baba yao amechelewa tu.

Siku ya nne jioni akaingia, mkono umefungwa bendeji. Akasimulia kuwa bosi, yule mnunuzi, alimpeleka baharini kuvua papa wadogo. Alipompata wake alimnyanyua kwa mkia, kama tunavyomshika kambare bwawani kukwepa miiba. Papa akajikunja, akamng'ata.

"Kwani mlikosa chakula?" nikamuuliza.

"Hapana. Wanawavua, halafu wanawaachia. Ndiyo starehe yao."

Biashara huria tuliambiwa italeta wanunuzi wengi. Starehe zao hatukuambiwa.

Nikamfungua bendeji. Vidole vitano, vimevimba. Nikapakua ugali, nikahesabu vichwa: watoto wanne, baba yao, na mimi. Tumetimia. Ndipo nikawaambia watoto kwa nini baba yao alichelewa.