Nilipovua Viatu kwa Watemi

Nimeshajicheka mwenyewe, sasa ni zamu yenu. Jumamosi, bibi wa kijana anayetaka kunioa alinipeleka nje kidogo ya Inyonga, kwenye makaburi ya watemi, machifu wa zamani wa ukoo wao. Mimi binti niliyetoka Litapunga nikataka nionekane nina adabu. Nikavua viatu, nikaviweka juu ya rundo la mawe, nikapiga magoti mbele ya jengo la saruji lililopakwa chokaa. Nikapiga makofi ya heshima, hata machozi nikayalazimisha.

Bibi akanishika bega. "Mjukuu wangu, hilo ni tangi la maji. Babu yenu ndiye huyo uliyembebesha viatu."

Nikavichukua mbio. Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwezi ujao tunakuja kwenu kuposa," akasema, "kabla hujamvisha na soksi."