Soksi Nilizokiri Kuiba

Watu wakisikia mtu ana rekodi ya jinai, huvuta mikoba yao karibu. Siwalaumu sana. Hata mimi ningevuta wangu, kabla ya Ijumaa ile katika duka la nguo hapa Durban.

Nilikuwa nimembeba binti yangu mgongoni kwa kitenge, kama tunavyobeba kwetu Bukavu. Alikuwa bado ananyonya, na mikono yake haikujua kutulia. Tulipopita kwenye nguo za watoto alivuta pakiti ya soksi, ikatumbukia ndani ya kitenge. Sikuhisi kitu. Mlangoni mlinzi aliiona ikichungulia karibu na paja la mtoto, akanishika mkono. Nilipoeleza, meneja alicheka. Watu waliozoea kusukuma watoto kwenye vigari hawajui mtoto wa mgongoni anafika wapi.

Kituoni nilimkuta askari wa kike ambaye hakuwa mtu mbaya. Alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Eish, mama," alisema, "leo ni Ijumaa. Ukikataa utalala humu mpaka Jumatatu, na humu si mahali pa mtoto. Kubali kosa, lipa faini, nenda nyumbani."

Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Nikasaini. Wakanichukua alama za vidole, nikafuta wino kwenye kitenge, nikadhani yameisha. Hakuna aliyeniambia kwamba kwa saini ile nimeshahukumiwa, bila hakimu yeyote kuniona uso.

Nilikuja kujua siku nilipoomba kazi katika nyumba ya wazee kule Morningside. Unesi niliusomea kwetu, na kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza ni kazi ninayoiweza. Msimamizi alinipenda, mpaka majibu ya polisi yaliporudi: wizi. Alinirudishia vyeti vyangu bila kuniangalia. Nikarudi saluni kusuka nywele, na hasira niliyokuwa nayo miaka ile wateja wangu waliijua vichwani mwao.

Sheria ya hapa inaruhusu makosa kama langu yafutwe, miaka kumi ikipita bila jingine. Ilipotimia nilimwendea Mama Pasteur, mke wa mchungaji wetu, maana Kiingereza chake hakitetemeki mbele ya watu wa ofisini. Nilimwambia tu kwamba niliwahi kusaini kosa la wizi. Habari ya mkono wa mtoto sikumwambia. Aliyeijua ni mume wangu peke yake.

Binti yangu ni mtu wa kujihukumu. Akivunja kikombe, wiki nzima atakunywa chai kwenye kopo la plastiki, na hakuna aliyemtuma. Sasa ajue kwamba ni mkono wake ulionisimamisha saluni miaka yote hiyo? Nilishaapa hatajua.

Kabla ya kufuta kosa, polisi walitaka alama za vidole upya. Askari aliminya kidole changu kwenye karatasi, akatazama, akaminya tena. Dawa za nywele na nyuzi za kusukia zilikuwa zimevisaga. Akaniambia nikapumzishe mikono, nipake mafuta, nirudi baadaye. Nikakaa nyumbani majuma kadhaa kama bibi harusi, huku nikichemka moyoni. Vidole vyenyewe vimefutika, kosa bado liko Pretoria kwenye makabati ya polisi, limekaa vizuri!

Baada ya miezi mingi cheti kilifika. Nilikisoma nimesimama, nikakaa, nikakisoma tena, nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba sikuiba. Hapakuwapo. Kilisema kosa limefutwa, basi. Nililia sana siku hiyo, na si kwa furaha tu. Lakini Morningside walinikubali.

Mama Pasteur aliposikia alinipigia simu hapo hapo, kunipangia Jumapili. "Dimanche iko ushuhuda yako, dada. Mungu akitenda, hatufiche."

Kanisani kwetu ndivyo ilivyo. Aliyepata makaratasi, aliyepona, aliyejifungua salama, husimama mbele akaeleza. Jumapili asubuhi mume wangu alikuwa akifunga tai.

"Leo sema yote," aliniambia. "Bajue kama haukuiba."

"Wakiniuliza soksi ziliingiaje kwenye kitenge, nitajibu nini?"

Aliifungua ile tai, akaanza kuifunga upya.

Binti yangu huimba kwaya, kwa hiyo alikuwa nyuma yangu kidogo niliposimama mbele. Nilisema kwa kifupi kwamba nimepata kazi ya unesi na kwamba Mungu ni mwema. Nikanyoosha mkono kurudisha maikrofoni. Mama Pasteur aliipokea, akanikumbatia, na kwa mapenzi yake yote akaendelea pale nilipoishia.

"Dada yetu anaona haya, nitamsaidia. Serikali ilimuandika mwizi! Lakini Mungu wetu amemsamehe. Ile dhambi ya kuiba imefutwa, hata kule Pretoria haiko tena!"

Kanisa lililipuka. Vigelegele, ngoma, wamama wakija kunipangusa machozi kwa vitambaa vyao. Niligeuka. Wanakwaya wote walikuwa wakipiga makofi isipokuwa mmoja. Binti yangu alikuwa ananitazama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyemfananisha mgeni na mama yake. Sijawahi kuumia namna ile, hata kituoni.

Sentensi moja tu ingetosha. Ilikuwa tayari mdomoni.

Mama Pasteur akanisogezea maikrofoni. "Sema amina, dada. Sema amina kwa Mungu anayesamehe."

Nilimtazama mtoto wangu.

"Amina," nikasema.