Mshale wa Ukurasa wa Thelathini

Mwaka wa 1999, kabla neno blogu halijafika Thika, Muigai tayari alikuwa nayo na ilikuwa ikimnyima raha. Yeye aliiita "ukurasa", ingawa zilikuwa kurasa ishirini na tisa, kila moja na faili lake, zote kwenye disketi moja aliyoifunga ndani ya mfuko wa maziwa ili vumbi la kijiji chao cha Gatongora lisiiguse. Aliandika habari za nyumbani: nani amechimba kisima, ng'ombe wa nani amekula mahindi ya nani, kanisa gani limegawanyika kwa sababu ya spika. Msomaji wa uhakika alikuwa mmoja, dada yake Rachael, nesi aliyekuwa Uingereza akisomea ukunga. Kihesabu wageni kilichokuwa chini ya ukurasa wa kwanza kilidai wamefika mia mbili na kumi, lakini Muigai alijua kwamba mia moja na tisini kati yao ni yeye mwenyewe akirudi kuangalia koma.

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha nguo mjini Thika, kulinganisha rangi ya kitambaa kipya na kipande cha mfano na kusema "bado" kila zilipokataa kufanana. Kiwanda kilipopunguza siku za kazi hadi tatu kwa wiki, alibaki na siku nne ambazo hakuwa na pa kuisema bado yake, akaihamishia kwenye ukurasa. Aliandika kwanza kwenye daftari, akakata kwa wino mwekundu, akarudisha kwa wa bluu alichokuwa amekata. Jumamosi alikwenda kwa Ayub, aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa na kutoa fotokopi karibu na soko, na modemu moja iliyolia kama mbuzi aliyekanyagwa kabla haijakubali kuunganisha.

"Muigai, wewe huandiki," Ayub alimwambia siku moja, akimtazama akibadilisha mvua ya mwezi wa pili kutoka kubwa kuwa ya kutosha. "Wewe unafua. Hii mvua umeianika mara ngapi sasa?"

Muigai akajibu kwamba mvua hiyo haikuwa imetakata.

Taabu ilianza na ukurasa wa ishirini na tisa. Humo alikuwa ameandika, bila kupamba, kwamba macho ya mama yao yamekuwa na ukungu, kwamba sasa anatambua watu kwa viatu vyao vinavyolia mlangoni, na kwamba daktari mmoja wa Thika amesema ni presha ya macho, apelekwe hospitali ya macho haraka, maana kinachopotea hakirudi. Mama alikuwa amekataa kwenda. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye amri yake aliifuata, na huyo alikuwa Rachael. Mtoto wa kwanza alikuwa amehamia Nakuru na aliandika barua mara moja kwa kila uchaguzi mkuu. Muigai, ambaye mama alimwita Baba kwa kuwa alibeba jina la babu mzaa mama, alipewa heshima zote za babu isipokuwa ile ya kusikilizwa.

Jumapili moja, kama ilivyokuwa desturi, alimsomea mama alichoweka jana yake. Alisoma mpaka mwisho. Mama akauliza kama Rachael ameshaiona habari hiyo. Muigai akasema bado, huwa anasoma akipata nafasi, na mitihani imemkaba.

"Basi itoe," mama akasema. "Amebakisha miezi miwili. Akisikia atapanda ndege. Na usimwandikie barua, wala hiyo barua ingine ya waya, ya kwa Ayub. Niapie, Baba."

Akaapa. Alikuwa mtu wa kushika neno lake, yaani alilishika kwa namna ambayo wakili angelishika.

Kutoa ukurasa hakukuwa kuchana karatasi. Kila ukurasa ulikuwa na mishale miwili chini, mmoja wa kurudi kwa uliotangulia na mmoja wa kwenda kwa unaofuata, na yote ilikuwa imeandikwa kwa mkono, jina la faili kwa jina la faili. Ukitoa mmoja, lazima uuondoe kwenye orodha, uuelekeze upya mshale wa uliotangulia, uuelekeze na wa unaofuata. Jumamosi hiyo Muigai alifuta ishirini na tisa kwenye orodha. Akaufanya mshale wa ishirini na nane uruke hadi thelathini, ukurasa mpya aliokuwa amekuja nao. Ule wa thelathini wa kurudi nyuma aliuandika uende ishirini na tisa. Faili lenyewe hakuligusa.

Ayub aliinama juu ya bega lake.

"Huu mshale unaenda wapi, na umesema huo ukurasa haupo?"

"Haupo kwenye orodha."

"Nimeuliza unaenda wapi."

"Mtu akitoka mbele, kwenye mpya, kwenda nyuma, anaupata. Akitoka nyuma kwenda mbele, haupo."

"Na dadako husoma akitoka wapi?"

"Sijui," Muigai akasema, na huo ulikuwa ukweli uliomla. "Mambo ya mkono haya. Mtu anaweza kusahau."

"Anaweza sana," Ayub akasema, akaenda kutia wino kwenye fotokopi.

Kuanzia hapo Muigai hakutulia. Alikwenda Thika Jumanne, akakuta mshale uko pale pale, akarudi nyumbani kana kwamba kuna aliyekuwa ametishia kuuiba. Alhamisi alikwenda tena na kuurekebisha kihalali, uende ishirini na nane, kwa sababu alikuwa amemwona mama akicheka na mchuuzi wa mboga na akajiambia labda daktari alitia chumvi. Jumamosi akaurudisha, kwa sababu asubuhi mama alikuwa amelisalimia kwa adabu nyingi koti lililoning'inia nyuma ya mlango. Aliweka kurasa za thelathini na moja, na mbili, na tatu, na nne, zote kuhusu mambo yasiyo na maana, ili kuwe na kitu cha kusomwa kuanzia mbele. Hakuwahi kuandika vizuri zaidi. Mambo yasiyo na maana humfaa sana mwandishi mwenye hofu.

Wiki ya tano, Ayub alimpa karatasi iliyotoka kwenye printa, barua pepe ya Rachael, na hakufanya mzaha wowote. Muigai aliibeba mpaka Gatongora, akamsomea mama akiwa amesimama.

"Mami, Muigai hajaniandikia chochote, kwa hivyo usimgombeze. Nimesoma mwenyewe. Jumatatu uko hospitalini." Hapo Muigai akakohoa, akaendelea na salamu.

"Rudia pale ulipokohoa," mama akasema.

Akarudia, kama ilivyoandikwa. "Na usipoenda, mtihani naacha, naja kukubeba mgongoni."

Mama hakuuliza habari ya mshale. Aliuliza viatu vyake vya kanisani viko wapi.

Hospitalini Jumatatu daktari alimwangalia mama muda mrefu kwa taa ndogo, kisha akasema jicho la kushoto watalilinda kwa matone, na kwamba la kulia limekwisha. Muigai alimfuata koridoni, akamwuliza ingekuwaje kama wangekuja wiki tano kabla. Daktari alisema hawezi kujua. Muigai alimshukuru, akabaki akiutazama mlango uliofungwa kama mtu anayelinganisha rangi.

Jumamosi, kwa Ayub, aliandika ukurasa wa thelathini na tano. Aliandika kwamba mama alichelewa kidogo kufika hospitali. Akafuta kidogo. Akaandika kwa muda. Akafuta, akaandika wiki tano, na sababu yake, mshale na yote, akafuta sababu, akairudisha. Ayub aliaga kwenda kuswali, akarudi, akamkuta kwenye sentensi ile ile.

Jumapili alikaa karibu na mama upande wa kushoto, akamsomea. Alipofika mahali penyewe sauti yake ilishuka lakini hakuruka neno.

"Wiki tano?" mama akauliza.

"Tano, Mami."

Mama alifuta jicho moja kwa ncha ya leso, lile lililokuwa na dawa.

"Soma," akasema. "Haijaisha."