Mahari Ambayo Baba Hakuigusa

Baba yangu alikuwa fundi wa mabehewa kwenye reli, mtu wa kaskazini mwa Katanga, Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili. Kusoma Kifaransa hakujua. Mimi nilijua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Yaya, dada yangu mkubwa, alipoolewa, wakwe walileta mahari kwa noti mpya, mabunda yenye ukanda wa karatasi wa benki. Kwetu, mume akimtesa binti, baba hurudisha mahari na binti anarudi nyumbani akiwa huru. Isiporudishwa, anabaki mke wa watu, hata akipigwa vipi. Kwa hiyo baba aliyafunga mabunda yale katika kitenge, akayatia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, nyumbani kwetu Kampemba.

"Ununue mbuzi na ile makuta," mama alimwambia kuhusu pesa zile. "Makuta inakufa. Bantu bote banasema."

Baba akanigeukia, akachomoa noti moja ya mshahara wake mfukoni. "Weye unasoma ku masomo. Banaandika nini apa?"

Nikasoma kwa majivuno, nikiwa na sare yangu ya shule ya buluu na nyeupe: imeandikwa kwamba anayeghushi noti hii atafungwa. Nikaongeza ya kwangu, ambayo hakuna aliyeniuliza. Serikali inayowafunga wanaoichezea pesa yake, nilisema, haiwezi kuichezea yenyewe. Baba alifurahi mno, akamwambia mama anyamaze.

Vita vilipokuja, wakubwa walihitaji kulipa askari, basi wakachapa noti. Bei ya unga ya asubuhi haikuwa ya mchana. Tulikwenda sokoni na mfuko wa noti, tukarudi na unga wa kujaza sahani. Noti nyingine wachuuzi walizikataa kabisa, na hakuna aliyejua ni nani aliyeamua. Mama aliuza vitenge vyake kimoja kimoja. Tulikula bukari, ugali wetu, kwa chumvi, na sanduku halikufunguliwa. Nilimchukia baba kwa ukaidi wake, huku nikijua vizuri nani aliyempa ukaidi huo.

Kisha yaya akaja mchana mmoja, mtoto mgongoni, jino moja la mbele halipo, damu imekauka shingoni. Baba alivaa koti lake la misa, akalivuta sanduku, nami nikabeba mabunda kwenye kikapu. Tukatembea na yaya hadi Naviundu kwa wakwe.

Baba mkwe wa yaya alitupokea kwa heshima, akatupa viti na maji ya kunywa. Akatazama kikapu.

"Bwana mukwe," alisema, "tulikupa bei ya ng'ombe. Iyi leo hainunue hata kuku."

"Njo yenyewe ile mulileta!" Baba alisimama, bunda mkononi. "Angaria, ukanda haiyakatika. Sikugusa hata moja!"

"Minaona," alijibu yule mzee, bila ubaya wowote. "Njo kosa yako."

Yaya alimtazama baba, akatazama kikapu. Akaingia jikoni kwa mama mkwe wake, na tukamsikia akipuliza makaa kwenye mbabula. Tuliondoka bila yeye.

Pesa ya nchi ikabadilishwa, ikapewa jina jingine. Yaya hakubadilishiwa kitu. Baba hakunipa tena karatasi yoyote nimsomee, hata barua ya parokia, na aliaga dunia mabunda yakiwa bado na kanda zake. Mimi nikawa mwalimu. Nilichomsomea baba sikumwambia yaya hata siku moja. Niliona haya, na bado ninaona.

Mwaka huu mahari ya binti yake imeletwa mtaa wa Hewa Bora, anakokaa sasa. Mumewe alishakufa, na shemeji zake walimwachia yeye mahari yote. Ilikuwa dola. Hapa kwetu dola iliyochanika kidogo tu hakuna anayeipokea, kwa hiyo nilivaa miwani, nikainua noti ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

Yaya akaichukua mkononi mwangu, taratibu, akazifunga zote katika kitenge na kusimama. Lile pengo la jino lilionekana aliposema.

"Uache kusoma, mudogo yangu. Twende tununue mbuzi."