Siku Niliyoitikia Nyumba ya Baba

Pembe ya ukoo wetu ilikuwa ya vita. Zamani ikilia, kila nyumba upande wetu wa Kabras ilitoa mwanamume na mkuki wake, wakajipanga uwanjani, wakaitwa nyumba kwa nyumba ijulikane nani yupo. Siku hizi inalia miwa ikishika moto, mtoto akipotea, au kamati ya maji ikitaka watu. Mikuki imebaki michache. Wengi huja na fimbo, na mwaka juzi mmoja alikuja na mwavuli. Lakini watu bado hukimbia, hata wale ambao tangazo liliwafikia kwenye simu tangu jana yake.

Mimi sikuwahi kuhudhuria. Wanawake tumeruhusiwa juzi juzi tu, tena mimi naishi mjini, Shirere, nikishona sare za shule. Mwaka huu, kamati ya maji ilipoitisha pembe, nilienda kwa hasira. Baba alikuwa amefariki mwezi wa pili, na sisi ni wasichana watupu. Baba mdogo, ndugu yake, akaanza kusema kila mahali kwamba nyumba isiyoitika uwanjani imefungwa, na shamba lake linarudi kwa ndugu. Ng'ombe wa kulima alishawafikisha mpakani, ati anangoja tu pembe.

"Mama, hayo ni kweli?" nilimuuliza asubuhi hiyo.

"Wachana na huyo, anapendanga maneno. Twende, tutachelewa."

Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kujipaka mafuta mpaka anang'aa. Mjane gani huyu anayeenda kunyang'anywa shamba akiwa amependeza hivyo? Sikumwelewa kabisa, na mimi nisipoelewa nakasirika.

Uwanjani, mzee wa pembe akaanza kuita.

"Nyumba ya mfua majembe!"

"Tupo!" Fimbo zikagonga ardhi.

Baba mdogo alipoitwa aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote, macho kwangu. Kisha mzee akaita, "Nyumba ya fundi baiskeli!"

Huyo ndiye baba. Uwanja ukanyamaza. Mzee hakuendelea na nyumba nyingine. Watu waliinamisha vichwa, hata baba mdogo, nami nikasema moyoni, haya, ndivyo wanavyotufunga. Nikamgeukia mama. Amefumba macho, anatabasamu! Jamani! Nikanyakua fimbo ya jirani, nikaigonga chini, nikapaaza sauti:

"Tupo!"

Hakuna aliyecheka wala kushangilia. Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu.

"Nyumba ikishaitika imeitika," mzee wa pembe akasema mwishowe. "Aandikwe huyo binti." Akaita nyumba iliyofuata. Baba mdogo akatema mate, akaenda zake. Nilikuwa nimeshinda. Mbona basi mama analia?

Shangazi, dada yake baba, alinivuta kando kwa mkono.

"Wewe umefanya nini? Aliyekufa anaitwanga mara moja tu, siku ya kwanza ya pembe baada ya mazishi. Nyumba yake inanyamaza makusudi. Halafu ukoo wote unamwitikia pamoja: Yupo! Baada ya hapo nani ataigusa hiyo nyumba? Tangu wakati wa vita ni hivyo."

"Na yale ya baba mdogo?"

"Alikuwa anakutisha wewe wa mjini. Sisi wote tunajua. Mama yako alidhani na wewe unajua."

"Basi waite tena!"

"Haiitwi mara mbili."

Sikujua nifurahi au nijipige makofi. Jina langu liko kwenye daftari la ukoo, la kwanza la mwanamke, na wasichana wa huko walikuwa wakinikodolea macho kwa heshima. Nyuma yangu mama alikuwa akijifuta uso kwa leso, mafuta yote yakitoka.

Tulirudi nyumbani tukipita kando ya miwa. Nilimwomba msamaha mara tatu, nikamwambia angalau shamba limepona.

"Shamba lingepona tu, mwanangu," akasema. "Mimi nilitaka kuwasikia wakisema yupo."