Maharagi ya Mama Yaliyongoja Septemba

Mwaka ule nilifanya ujinga ambao mama yangu angenigombeza nao mpaka kesho: nilipanda mbegu zake zote. Zote! Kwetu Bukavu mwanamke hapandi mbegu zote. Nyingine huwekwa akiba, zimechanganywa na majivu. Lakini nilikuwa nimengoja miaka mitatu kupata kipande cha bustani kule Forest, hapa Brussels, na siku nilipokipata nilizimwaga ardhini kama mwehu. Yalikuwa maharagi mekundu yenye madoa, yale ya kupanda juu ya fito, ambayo mama alinifungia kwenye kitambaa nilipoondoka. Sasa nyumbani kulikuwa na vita, simu haipiti. Yakipotea haya, basi, sina pengine pa kuyapata.

Yaliota kwa fujo. Juni, Julai, Agosti: majani tu. Yalimaliza fito, yakahamia kwenye uzio wa jirani yangu wa bustani, mzee wa Kibelgiji, mstaafu, ambaye yake alishayachuma na kuyala zamani.

"Madame, unalima pazia?" aliniuliza kila Jumamosi.

Nilicheka naye, ila moyoni niliumia. Sikuwa na hata ua moja.

Septemba jua likaanza kuwahi kuzama, nami nikarudia koti. Asubuhi moja, maua! Nilipiga kelele mpaka mzee akaja mbio akidhani nimejikata na jembe. Ndipo nikaelewa. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima; maharagi maskini yalikuwa yakingoja siku za Ubelgiji zifupike ndipo yazae. Brussels nzima inalilia jua, na mimi nashangilia giza!

Ikawa mbio kati yetu na baridi. Mzee aliacha mzaha, akaleta mablanketi makuukuu, na kila jioni tukayafunika maharagi kama watoto wachanga. Oktoba maganda yalikuwa yamejaa lakini bado mabichi, naye akaniambia, "Kesho barafu." Niliyang'oa na mizizi yake, nikayabeba kwenye tramu, abiria wakinipisha wenyewe, nikayaning'iniza sebuleni kwetu juu ya radieta, kile chuma cha kupashia nyumba joto. Wiki tatu mume wangu alikula ameinama, majani makavu yakimwangukia kwenye supu.

"Bon, tuyapike tu, tupumuzike!"

"Gusa uone!"

Hatimaye niliuma moja, likalia ko! Limekauka. Nilicheza peke yangu jikoni. Nilipata kikombe kimoja tu, lakini mbegu ya mama ilikuwa hai.

Karibu na Krismasi simu ikapita. Mama alikuwa mzima! Nililia, nikacheka, nikakiri kosa langu haraka kabla laini haijakatika, nikangoja kugombezwa.

"Mutoto yangu," akasema, "huku basoda benye bunduki balikula maharagi yote. Mu quartier muzima, nyumba kwa nyumba, hakuna mutu iko na mbegu. Donc, yako ilibakia?"

"Kikombe moja, maman."

"Ee Mungu wangu! Unitumie hata kumi."

Wiki ile ile nilipata padri aliyekuwa akirudi Bukavu. Nilihesabu maharagi kumi nikabaki nayo mimi, mengine yote ya kikombe nikampa padri ampelekee mama.